Kwa mnaoanza utafiti wa ustawi wa jamii: anzieni kwenye faili

Wengi mnaotoka chuoni mnakuja na mada pana: umaskini, ukatili wa majumbani, watoto wanaoishi katika mazingira magumu. Mada hizo hazina ubaya, ila zinamwacha msomaji bila pa kushika. Mtunga sera akipewa ripoti inayosema umaskini unawaumiza watoto atakubaliana nawe kabisa, atakushukuru, kisha ataiweka kabatini, maana hakuna alichoombwa kufanya.

Kabla hujaandika swali la utafiti, jiulize ni nani mwenye uwezo wa kulibadilisha jambo hili, na analibadilisha kwa karatasi gani. Sheria inapita bungeni. Kanuni inatiwa saini na waziri. Mwongozo unatoka idarani, waraka unatoka kwa mkurugenzi, na fomu mara nyingi iliandaliwa na mtu mmoja ambaye leo hakumbuki kwa nini aliweka kipengele cha saba. Kila ngazi ina nguvu yake na mwendo wake. Utafiti mdogo uliolenga waraka au fomu unaweza kuleta nafuu mapema. Uliolenga sheria, jiandae kuzeeka nao kidogo.

Jambo la pili ambalo vyuo hulifundisha harakaharaka ni kwamba sera haiishii kwenye maandishi. Michael Lipsky, msomi wa siasa wa Marekani, alilieleza vizuri mwaka 1980: maamuzi ya mtumishi anayekutana na wananchi ana kwa ana, pamoja na njia anazobuni ili amudu mzigo wa kazi, ndiyo yanayogeuka kuwa sera yenyewe. Afisa mwenye kesi nyingi kuliko saa alizonazo ataamua nani aonwe leo na nani asubiri, na uamuzi huo haupo kwenye mwongozo wowote. Ukitaka kujua sera inafanya nini, mtafute huyo afisa. Halafu fungua mafaili yake.

Nakaa kidogo kwenye mafaili, kwa kuwa hapo ndipo watafiti wageni hupoteza dhahabu. Katika mifumo mingi ya kumbukumbu, kesi inapofungwa afisa huchagua sababu moja kwenye orodha: amehama, lengo limefikiwa, amefariki, hakutoa ushirikiano. Ukizibeba takwimu hizo kama zilivyo utaandika kwamba sehemu kubwa ya wahudumiwa hawashirikiani, na atatokea wa kupendekeza wakatiwe msaada. Niliwahi kupitia rundo la mafaili ya namna hiyo. Moja lilikuwa la mama aliyefungiwa kesi kwa kukosa vikao. Pembeni mwa ukurasa, kwa kalamu ya rangi nyingine, afisa alikuwa ameandika: “Yuko zamu ya asubuhi. Ameomba jioni. Hatuna jioni.”

Basi. Kwenye mfumo anasomeka kama mkaidi, kwenye karatasi anasomeka kama mfanyakazi aliyegongana na saa za ofisi.

Faili moja halithibitishi kitu, na mtu yeyote wa wizarani atakwambia hivyo kabla hujamaliza sentensi. Kwa hiyo chukua sampuli ya kesi zilizofungwa kwa sababu hiyo, soma maelezo ya mkono, kisha uyapange upya: muda haukufaa, nauli, ugonjwa, hofu ya mtu wa nyumbani, hakupata taarifa, alikataa kweli. Mpe mwenzako apange mafaili yale yale bila kuona majibu yako, halafu linganisheni. Mlipotofautiana, rekebisheni maelezo ya makundi. Ukimaliza utakuwa na namba inayosimama na sauti inayoielezea, na pendekezo lenyewe litakuwa dogo: ongezeni vipengele kwenye orodha ya sababu, fungueni ofisi jioni moja kwa wiki kwa majaribio, pimeni. Mkurugenzi anaweza kulikubali hilo bila kumngoja mtu.

Wapo watakaokwambia huu ni utafiti mwepesi, kwamba utetezi ni kudai mabadiliko makubwa. Wasome vizuri waliotangulia. Julia Lathrop, aliyewahi kuishi na kufanya kazi Hull House, nyumba ya kuhudumia jamii kule Chicago, alipopewa mwaka 1912 kuongoza idara mpya ya watoto ya serikali ya Marekani, alianza na jambo linaloonekana la kikarani: vizazi vingi vilikuwa havisajiliwi, kwa hiyo hakuna aliyeweza kusema kwa uhakika ni watoto wangapi wanakufa. Idara yake ikahimiza usajili, na mwaka 1913 ikatuma wanawake Johnstown, Pennsylvania, wapite nyumba kwa nyumba wakiwauliza akina mama kuhusu watoto waliozaliwa mwaka 1911. Walichokipata kiliwagusa wakubwa: kadiri kipato cha baba kilivyokuwa kidogo, ndivyo watoto walivyokufa zaidi. Uzembe wa akina mama, uliokuwa ukilaumiwa kila mahali, haukutosha kueleza vifo hivyo. Tafiti za aina hiyo zilisaidia kuandaa njia ya sheria ya Sheppard-Towner ya mwaka 1921, iliyotoa fedha za serikali kuu kwa afya ya wajawazito na watoto wachanga. Fedha hizo zilikatwa mwaka 1929, na hilo nalo lisomeni.

Sasa tuje kwenye sehemu isiyoandikwa kwenye vitabu vya mbinu za utafiti. Ukikaa na maafisa muda wa kutosha utagundua kwamba wanapindisha kanuni, na mara nyingi wanazipindisha kwa wema. Kuna anayepokea fomu bila kiambatanisho akijua kitaletwa baadaye. Kuna anayeandika tarehe ya jana ili mtu asipoteze haki yake. Ukiyaweka hayo kwenye ripoti yakiwa na jina la kituo, umemponza mwenyeji wako na umeuziba mlango ambao wahudumiwa walikuwa wakipitia. Ukiyanyamazia kabisa, watunga sera wataamini kanuni inafanya kazi, kumbe inabebwa na huruma ya watu. Njia ninayoiona bora ni kuchanganya taarifa za vituo vingi, kuelezea kasoro ya kanuni badala ya ujanja wa mtu, na kumsomea afisa aya inayomhusu kabla ripoti haijatoka. Ila kama ulichokiona ni dhuluma, rushwa au mtoto aliye hatarini, hapo hakuna cha kuficha: una wajibu wa kuripoti, na wajibu huo ulipaswa kuuweka wazi kwa kila mtu tangu siku unajitambulisha.

Ridhaa nayo ina mtego wake. Mtu anayesubiri msaada hawezi kumkatalia kirahisi yule anayetoa msaada. Kama wewe ni afisa wake na pia mtafiti, muombe mtu mwingine achukue ridhaa, na mhudumiwa aambiwe kwa lugha anayoielewa kwamba akikataa huduma yake haiguswi. Anayekubali haraka mno, mpe muda wa kufikiri.

Na msiwaite wahudumiwa siku ya uzinduzi tu, kupiga picha. Waiteni mapema, matokeo yakiwa bado mabichi, muwaulize yana maana gani kwao. Sisi tulidhani watu hawakati rufaa kwa kuwa hawajui haki zao. Wao wakatuambia wanazijua vizuri, ila wanaogopa kuonekana wakorofi mbele ya afisa watakayemhitaji tena mwezi ujao. Pendekezo letu la vipeperushi lilikufa palepale, likaja la rufaa kusikilizwa na ofisi nyingine.

Kuhusu kuandika kwa ajili ya wakubwa sitasema mengi. Ukurasa mmoja au miwili. Ombi liwe juu kabisa, gharama ifuate, ushahidi uje baada ya hapo. Na peleka kabla bajeti haijafungwa. Ripoti nzuri iliyofika wiki moja baada ya hapo imechelewa mwaka mzima.

Ombi likikubaliwa, usiage. Rudi vituoni. Mara nyingi utakuta waraka mpya umefika kwa mkuu wa kituo ukaishia hapo, na dirishani bado wanatoa fomu ya zamani kwa sababu rundo halijaisha. Uliza nani aliwaelekeza watumishi, na walielekezwa nini. Wafadhili ni wagumu kulipia ufuatiliaji huu ukiuombea fedha peke yake, kwa hiyo uingize kwenye bajeti ya utafiti wa kwanza tangu mwanzo.