Jiwe la Kifusini Lilikaa Wapi?

SWALI: Nasomea ujenzi hapa Dar es Salaam. Jengo la kale likibomolewa kwa mabomu, wanaolijenga upya watajuaje kila jiwe lilikaa wapi?
Msomaji, Kigamboni

JIBU: Kwa pale lilipoangukia. Wategua mabomu wakishamaliza, usiingize tingatinga. Likizoa kifusi, ushahidi umekwenda. Gawa eneo kwa kamba, miraba ya mita 2 kwa 2, upige picha kila tabaka, rula ikionekana. Kila jiwe lipewe namba, vipimo na mraba wake. Namba iandikwe upande uliofichwa ukutani, au kwenye kibati chenye waya wa shaba. Lebo ya karatasi haimalizi masika.

Kanisa la Frauenkirche la Dresden, Ujerumani, liliporomoka Februari 15, 1945, baada ya mji kupigwa mabomu. Kifusi kilipochambuliwa mwaka 1993, mahali pa mawe palirekodiwa na kulinganishwa na picha za zamani. Lilijengwa upya na kufunguliwa 2005; mawe ya kale ndiyo yale meusi yanayoonekana ukutani.

Kabla ya kulirudisha jiwe, ligonge kwa nyundo ndogo. Likilia kama kengele, ni zima. Sauti ikiwa butu, lina ufa ndani. La chokaa lililoungua sana ndilo laghai zaidi: linaonekana imara, likinyeshewa linamumunyuka.