ALTER TABLE inaganda na logi ya kweri za polepole iko tupu? Angalia loki ya metadata

Mukubwa, umeuliza sababu gani ALTER TABLE yako (amri ya kubadilisha muundo wa tebo) mu MySQL 5.7 iliganda na logi ya kweri za polepole (faili MySQL inapoandika kweri zilizochukua muda mrefu) haina kitu. Mimi ilinipata hapa Lubumbashi, kwenye depo moja ya vipuri kule Kamalondo, mchana wateja wamejaa, naongeza kolamu moja tu ya kodi kwenye tebo ya mauzo, mara skrini zote za malipo zikasimama. Batu wakasema ni rezo (mtandao), nikazima serva nikawasha, ikapona, na sikujua ni nini kilitokea.

Logi ile haihesabu muda wa kungoja loki za mwanzo, na loki ya metadata (ile inayozuia muundo wa tebo usibadilishwe wakati mtu anaitumia) ni moja yazo. SELECT ikingoja sekunde 40 kisha ikafanya kazi nusu sekunde, kwa logi ni nusu sekunde tu, njo maana iko tupu.

Siku ya pili ilipoganda nilifungua SHOW PROCESSLIST (orodha ya wote walioungana na serva) nikakuta mistari imepangana, yote "Waiting for table metadata lock", na mmoja juu umeandikwa Sleep. Huo Sleep ndio ulikuwa na shida: ripoti ya mhasibu ilifungua transakshoni, ikasoma tebo, haikufanya COMMIT (kuifunga), laptopu ikaachwa wazi. ALTER inamngoja huyo, na kila SELECT inayokuja nyuma inapanga mstari nyuma ya ALTER.

Sasa, kwa kumuona anayeshika loki, 5.7 inakuja na kipimo cha hiyo loki kimezimwa (8.0 kimewashwa tayari). Niliwasha wait/lock/metadata/sql/mdl mu setup_instruments (tebo ya kuwasha vipimo) katikati ya shida, nikasoma tebo ya metadata_locks nikaona PENDING (wanaongoja) tu, mwenye kushika loki hayuko! Loki iliyochukuliwa kabla ya kuwasha haionekane. Kwa hiyo weka mapema mu my.cnf (faili ya mipangilio ya MySQL):

performance-schema-instrument='wait/lock/metadata/sql/mdl=ON'

Kisha soma sys.schema_table_lock_waits, kuko waiting_query_secs (sekunde za kungoja), na blocking_pid (namba ya anayezuia) ya kuua kwa KILL. Ukisoma metadata_locks moja kwa moja, chunga sana, OWNER_THREAD_ID si namba ya processlist, lazima uunganishe na tebo ya threads, mimi karibu niue mtu asiye na kosa.

Na kabla ya ALTER yoyote andika SET SESSION lock_wait_timeout=5, maana ya kawaida ni sekunde 31536000, mwaka mzima. Ikishindwa baada ya sekunde 5, ngojea usiku ujaribu tena, wateja hawatajua hata.