Mvuvi haulizwi anakokwenda

Swali lenu la wiki hii linauliza: "Ni mwiko gani wa wavuvi wa mitumbwi ungependa ufe?" Nimelisoma nikiwa barazani kwangu hapa Kilindoni, Mafia, nafungua mshipi wa kuvulia uliojisokota. Jibu lililonijia papo hapo ni: hata mmoja. Na sitaficha, nilikasirika kidogo, maana swali lenyewe limeshahukumu kwamba lazima mmoja ufe.

Wanaoicheka miiko hii wengi hawajakaa peke yao ndani ya gogo la mwembe lililochongwa, magoti yamebana huku na huku, na chini yako pima 15 za maji. Mimi nilikatazwa kupiga mluzi kwa kuwa mluzi unaita upepo. Kama unaita au hauiti, sijali. Aliyenyamaza husikia maji yakibadilika sauti ubavuni mwa chombo, na hilo limeniokoa zaidi ya mara moja. Nilikatazwa kuruka mshipi. Aliyewahi kuingiwa na ndoana kwenye kisigino haulizi kwa nini. Wala si sisi tu. Wamarekani wanaovua kwa kayaki, ile mitumbwi ya plastiki ya mtu mmoja, wako wasiokubali ndizi iingie chomboni, wanasema ni nuksi. Sisi ndizi za kuchemsha ndicho kifungua kinywa chetu baharini. Kila bahari na miiko yake.

Kisha kuna lugha. Kwetu mvuvi akirudi haulizwi "umepata nini?" Unasema tu, "Vipi bahari?" Naye hujibu, "Kitoweo kipo." Kitoweo hicho chaweza kuwa changu wawili au kolekole wa kujaza mtumbwi, utajua mwenyewe diko, pale vyombo vinapofikia na samaki, likichangamka. Akisema "kapa", unaongea habari nyingine mara moja. Mtu aliyetoka alfajiri akarudi na chubwi lake, kile kizito cha kuzamishia mshipi, na chambo kilichonuka hahitaji kusemeshwa zaidi. Lugha hii ina huruma ndani yake, na vijana wanaoona ni mafumbo ya wazee wanapoteza kitu.

Na mwenye kwenda baharini haulizwi anakokwenda. Ukimuuliza umemfunga, siku yake imekwisha kabla hajashika kafi. Ukimkuta njiani na mshipi wake, mpe salamu na umwombee heri, basi.

Mwiko huu ndio ulionifanya nikae kuandika.

Mwaka 1986 nilikuwa na miaka 12, navua na ami yangu, mdogo wake baba. Mwamba wake aliuita "shamba". Hakuna aliyejua ulipo ila yeye na mimi, na aliniapisha. Ulikuwa unaupata hivi: unapiga kafi mpaka mnazi uliopinda ushikane na pembe ya paa moja la bati, halafu unaufuata mstari huo kwenda nje mpaka mti mmoja wa mvinje upande wa kusini ujitenge na wenzake. Alama mbili zikikutana, tupa jiwe la nanga. Tulikwenda wakati wa maji mafu, siku ambazo kupwa na kujaa ni kidogo, kwa sababu kwenye bamvua, maji yanapanda na kushuka zaidi ya mita 3, mkondo unaunyanyua mshipi na chubwi halifiki chini.

Ilikuwa Julai, kusi, ule upepo wa kusini, limeshika. Upande wetu wa magharibi kisiwa kinakinga, kwa hiyo karibu na ufukwe maji hulala kama ya kisimani, lakini toka kidogo nje ya kinga uone. Siku hiyo nilikuwa na homa, ami akaenda peke yake. Bibi alimwona akitoka na kafi begani. Hakumuuliza kitu, kama ilivyo desturi.

Alasiri hakurudi. Wazee wakakusanyika dikoni, wakatayarisha mashua mbili, tanga limeshafungwa kwenye foromali. Nahodha mmoja alinishika bega. Naukumbuka mkono ule mpaka leo: vidole vimechanjwachanjwa na mishipi, vinanuka ngisi. Akaniuliza, "Mwanangu, wewe huenda naye. Mnavua wapi?"

Nikasema, "Sijui, babu."

Nilisema hivyo mara tatu, kwa watu watatu. Nilikuwa nimeapa. Na nilishalishwa imani kwamba nikipataja mahali naye yumo baharini, nitakuwa mimi niliyemfunga. Mashua zikaenda kutafuta kaskazini, kwa kubahatisha, zikarudi gizani bila kitu. Baada ya Isha nilikuwa nimelala ubavuni mwa bibi natetemeka, na si homa tena. Nikamtajia mnazi, bati na mvinje. Hakunigombeza. Aliamka, akajitanda kanga, akanishika mkono tukaenda kwa nahodha usiku ule ule, nikarudia mbele ya taa ya chemli, na sauti yangu mwenyewe ilinitisha.

Walifika shambani alfajiri wakakuta maji matupu. Siku ya tatu habari ikaja kutoka Nyamisati, ng'ambo kwenye delta ya Rufiji: dau la wakata boriti lilimwokota karibu na mikoko, midomo imepasuka, hai. Kafi lilivunjika akipiga kurudi, maji yalikuwa yanakupwa na kusi likamsukuma. Baadaye alituambia kwamba siku ya kwanza, mpaka jua linazama, alikuwa bado anakiona kisiwa.

Sentensi hiyo sijaitua mpaka leo. Kama ningesema alasiri! Najua majibu yote: mtumbwi mdogo kwenye mawimbi ya kusi huuoni hata ukiwa karibu, huenda wangempita tu. Huenda. Nimejiambia hivyo miaka mingi.

Nilianza barua hii nikisema hata mmoja, na sasa naona jibu hilo halisimami. Naanza kudhani mwiko huu haukuanza kwa ajili ya nuksi. Wazee walikuwa wanalinda miamba yao wasifuatwe, siri ikavishwa kanzu ya dini ili isiguswe. Siwalaumu, mwamba wenye changu ni urithi. Ila wakaiacha mikononi mwa mtoto. Basi, kama lazima nitaje mmoja ufe, ni huu. Na hapo hapo naona shaka, kwa sababu sitaki kuona dikoni watu wanaulizana ovyo kama abiria wa daladala, na simu haijawa jibu: ikilowa ndiyo mwisho wake.

Ami mwenyewe hakuuacha. Hakutamka anakokwenda hata siku moja tena. Lakini wiki chache baada ya kurudi, bibi aliamka akakuta vifuu viwili vya nazi vimepangwa kwenye dirisha la jikoni. Siku nyingine kilikuwa kimoja. Siku asiyotoka, hakuna. Bibi alituita watoto wote akatuonyesha, akatuambia: kimoja ni kaskazini, viwili ni shambani, na shambani ni pale mnazi unaposhikana na bati. Mdomo wa ami ulibaki umefungwa, na nyumba nzima ikawa inajua.

Alifariki mwaka 2009, nyumbani kwake. Mnazi ule umeanguka, siku hizi natumia mnara wa simu badala yake. Vifuu ninavyo. Kesho maji ni mafu, na jioni hii nimeviweka viwili dirishani. Mke wangu amepita, ameviona, hakuniuliza kitu.