Siku ya bandari: panga kurudi kwanza

Wanaopanda meli ya kitalii kwa mara ya kwanza huuliza sana habari za kushuka: mlango upi, saa ngapi, foleni ikoje. Kushuka hakuna kazi. Meli ikishafungwa kamba na wenye bandari wakatoa ruhusa, litatangazwa. Unapitisha kadi yako ya chumba, mashine inalia, umetoka. Tena usijibane kwenye ngazi dakika ile ile ya tangazo. Kunywa chai yako, baada ya nusu saa njia itakuwa nyeupe. Kazi iko kwenye kurudi, na ratiba ya siku nzima ianzie huko.

Nitazungumzia Mediterania, maana ndiko wengi wetu tunaoishi Ulaya tunakoanzia, na hata ndugu wanaotoka Nairobi au Dar huletwa kwenye bandari za Barcelona, Civitavecchia (Italia) au Piraeus (Ugiriki).

Jambo la kwanza ni saa. Ratiba ya kesho, iwe ya karatasi chumbani au kwenye programu ya simu, ina saa mbili: ya meli kuondoka na ya mwisho wa kupanda. Yako ni hiyo ya pili. Mara nyingi hutangulia kwa nusu saa, mahali pengine saa nzima. Meli inaondoka 18:00, wewe uwe ndani 17:30. Hapo sisi tuna mtego wetu wenyewe: mama anasema "tukutane saa kumi na nusu," mtoto aliyekulia Hamburg anaelewa 10:30, na mtatafutana bandari nzima. Andikeni kwa tarakimu, kila mtu apige picha ile ratiba.

Kisha kuna saa ya meli na saa ya nchi kavu. Ukitoka Italia kwenda Ugiriki, saa inasogea mbele kwa saa moja. Kwa kawaida meli nayo hubadilisha usiku, lakini si kila safari, na simu yako haingoji nahodha: ikinasa mtandao wa nchi kavu inajibadilisha yenyewe. Vaa saa ya mkononi, hata ya bei ya chini, iliyowekwa kwa saa ya meli, na usiiguse.

Kinachofuata ni umbali, na hapa vipeperushi vinachanganya watu. Napoli meli inafunga mjini kabisa. Dakika chache kwa miguu uko chini ya ngome ya Castel Nuovo. Kotor, kule Montenegro, mji wa kale uko karibu na gati kiasi kwamba ukisahau kofia unarudi kuichukua. Bandari za namna hiyo kulipia ziara ya meli, kwa maoni yangu, ni kutupa pesa. Lakini meli ikiandika "Roma" inamaanisha Civitavecchia, na Roma yenyewe iko kama kilomita 80 kutoka hapo. Treni peke yake inaweza kula zaidi ya saa moja, bado hujahesabu basi la kukutoa melini hadi nje ya bandari na mwendo wa kufika stesheni. Livorno kwenda Florence ni hadithi ile ile.

Kwenye bandari za mbali hivi, ziara ya meli ina faida moja kubwa: basi lao likikwama njiani, meli huwangoja, au kampuni inabeba jukumu la kuwafikisha bandari inayofuata. Ukienda mwenyewe, hakuna anayekungoja. Ukiamua kwenda mwenyewe hata hivyo, tafuta treni ya mwisho inayoweza kukuwahisha, halafu urudi kwa ile iliyoitangulia kwa mbili. Migomo ya treni Italia si habari ngeni. Hutangazwa mapema, kwa hiyo angalia usiku wa kuamkia.

Santorini, kisiwa cha Ugiriki, ni mtihani wa peke yake. Meli kubwa hazina gati pale. Zinasimama katikati ya maji, boti zinakuchukua hadi bandari ndogo chini ya mji wa Fira. Kupanda juu kuna magari ya kamba (cable car), kuna ngazi 588, na kuna nyumbu wa kubeba watu, wale wa punda na farasi. Asubuhi watu hupanda kwa mafungu, foleni inavumilika. Alasiri ndipo balaa: waliokwenda kutazama kijiji cha Oia wote wanarudi Fira kwa pamoja, kutoka meli zaidi ya moja, na kituo cha magari ya kamba ni kimoja. Foleni inapinda kwenye vichochoro hadi hujui mwanzo wake ni upi. Mwenye magoti mazima anashuka ngazi kwa miguu, ila aangalie anapokanyaga, maana mawe yamelainika na nyumbu wameacha alama zao. Ukiwa na mzee au mtoto mchanga, ingia foleni masaa mawili kabla ya boti ya mwisho. Na kumbuka kwamba kikomo chako pale ni boti ya mwisho. Ile saa ya meli kuondoka isahau. Bahari ikichafuka, nahodha anaweza kufuta kituo chote, basi usilipie kitu kisichorudishwa pesa.

Sasa, sisi wenye pasipoti za kwetu. Viza ya Schengen (ile moja ya nchi nyingi za Ulaya) ya kuingia mara moja haitoshi kama meli inapitia Kotor au Kuşadası ya Uturuki: ukifika huko umeshatoka Schengen, na kurudi Ugiriki au Italia ni kuingia upya. Unaweza kukataliwa siku ya kwanza kabisa, kabla hujaona hata chumba. Pia meli nyingine hukaa na pasipoti zetu mapokezi. Uliza usiku wa kabla: kesho nashuka nayo au na nakala? Mfukoni weka kadi ya chumba, kitambulisho, dawa za siku hiyo na pesa kidogo. Weka pia namba ya wakala wa bandari, ambayo imo kwenye ratiba ile ile. Meli ikikuacha, mtu wako ni huyo wakala, na nauli ya kuifuata ni juu yako.

Wakati wa kupanda, mzigo unapita kwenye mashine kama uwanja wa ndege. Chupa ya pombe uliyonunua kwa kawaida huchukuliwa, unapewa risiti, na unarudishiwa mwisho wa safari. Kisu cha ukumbusho nacho ni hivyo hivyo, au kinazuiwa kabisa. Ukishafika chumbani, weka simu kwenye hali ya ndege kabla meli haijang'oa nanga. Katikati ya bahari simu hudaka mtandao wa setilaiti wa meli, na huo haumo kwenye kifurushi chako cha Umoja wa Ulaya, hata kama meli inatoka Italia kwenda Uhispania.