Mtoto sasa, kwenye utarajali, au baada ya ubingwa? Anza na ratiba ya rotesheni

Dada umeuliza: una miaka 29, unakaribia kumaliza udaktari, mbele kuna mwaka wa utarajali (mafunzo ya vitendo hospitalini kabla ya usajili) kisha ubingwa. Uzae lini? Wengi watakujibu hakuna wakati mzuri. Sawa, lakini wakati mbaya upo, na unajulikana mapema.

Kuna vipindi vitatu vinavyommaliza mtu nguvu. Cha kwanza ni wiki ya 6 hadi ya 12 ya mimba (huhesabiwa toka hedhi ya mwisho), kichefuchefu na usingizi usioisha. Cha pili ni kuanzia wiki ya 34 hadi kujifungua. Cha tatu ni miezi 6 ya mwanzo ya kunyonyesha. Chukua ratiba yako ya rotesheni, yaani ya kuzunguka idara moja baada ya nyingine, uone vinaangukia wapi. Visikutane na mtihani mkubwa wala na rotesheni ya upasuaji yenye zamu za kukesha.

Mfano: tuseme mtihani wako ni tarehe 15 Mei. Hedhi yako ya mwisho ikiwa tarehe 10 Novemba, siku ya mtihani mimba itakuwa na wiki 26 na siku kadhaa, na utajifungua karibu 17 Agosti (siku ya hedhi ongeza 7, rudi nyuma miezi 3). Ikiwa ni 10 Februari, utaingia mtihanini na wiki 13, kichefuchefu kwa kawaida kimeanza kupungua. Ikiwa katikati ya Machi, una wiki 8 na ushee, yaani ndoo chini ya meza. Kwa hiyo dirisha lako ni hedhi za Novemba hadi katikati ya Februari, Machi ruka. Usilenge mwezi mmoja, mimba haishiki kwa amri. Hata kwa wanandoa vijana wenye afya, kila mwezi nafasi ni kama moja kwa nne au tano.

Hesabu hii huharibiwa na vitu vidogo. Kama unatumia sindano ya miezi mitatu, uzazi unaweza kuchelewa kurudi hata miezi 10 baada ya sindano ya mwisho. Kitanzi na kipandikizi havina shida hiyo, ukitoa unaweza kushika mwezi huohuo. Chanjo ya rubela ni ya virusi hai, subiri mwezi mmoja kabla ya kutafuta mimba. Homa ya ini B ina dozi tatu ndani ya miezi 6, zianze kabla hujaingia wodini. Foliki asidi mikrogramu 400 kila siku, kuanzia angalau mwezi mmoja kabla hadi wiki ya 12. Mfereji wa neva wa mtoto, unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo, hufunga karibu siku ya 28 baada ya kutungwa, wakati wengi ndio kwanza wanashangaa hedhi imechelewa.

Sasa utarajali. Kwa maoni yangu ndio mwaka mbaya kuliko yote, na sababu kubwa ni mahudhurio kuliko kazi yenyewe. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani namba 183 wa mwaka 2000 unataja likizo ya uzazi isiyopungua wiki 14, lakini likizo haifuti wiki za rotesheni unazodaiwa. Unazilipa mwishoni, usajili wako wa udaktari unasogea, na kama ubingwa unapokea wanafunzi mara moja kwa mwaka, wiki 14 zimekula mwaka mzima. Uliza kwa maandishi: nikikosa wiki ngapi narudia rotesheni yote? Posho inaendelea? Nafasi yangu inashikiliwa? Majibu ya mdomo kwenye korido usiyajengee nyumba.

Ningekuwa nakupangia, ningeangalia pengo kabla ya utarajali kama linaruhusiwa, la sivyo mwaka wa tasnifu ndani ya ubingwa, ambao zamu zake huwa chache. Kusubiri hadi umalize kila kitu kunakupeleka miaka 35 hivi. Uzazi hushuka polepole kuanzia miaka 32, kwa kasi zaidi baada ya 37. Chini ya 35, mkijaribu miezi 12 bila mafanikio nendeni mkapimwe. Kuanzia 35 ni miezi 6, na hapo habari ya kuruka Machi isahau. Idadi nayo ina hesabu yake: ushauri wa Shirika la Afya Duniani (WHO) ni miezi 24 toka kuzaa hadi mimba nyingine, ukiongeza 9 watoto wanapishana miezi 33. Anayetaka watatu hana anasa ya kusubiri.

Mionzi: toa taarifa mapema, vaa dosimita (kifaa cha kupima mionzi) kiunoni ndani ya aproni ya risasi, yaani ya madini yanayozuia mionzi. Kikomo cha mionzi kwa mtoto tumboni ni milisiveti 1 kwa muda uliobaki wa mimba. Kuchanganya dawa za saratani achia wengine. Wodi ya watoto usiikimbie kwa kuogopa maambukizi, glavu na kunawa mikono vinatosha kwa mate na mikojo.

Ukirudi kazini, kamua kila baada ya saa 3 hivi. Maziwa hukaa saa 4 kwenye chumba chenye nyuzi 25, siku 4 kwenye friji. Na kama baba naye ni daktari mwanafunzi, ombeni zamu zipishane kabla ratiba haijatoka. Ikishabandikwa ukutani, kila mnayemwomba kubadilishana atakuwa na harusi siku hiyo.