Tumbo lote hilo litapitaje kwenye tundu dogo?

SWALI: Shikamoo Bibi Nesi. Dada yangu anakwenda Dar es Salaam kufanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo la chakula, ule wa matundu madogo. Ameambiwa matundu ni matano na sehemu kubwa ya tumbo itakatwa itolewe. Jirani yetu anasema huwa linasagwa humo humo kama kwenye brenda, kisha linanyonywa kwa mrija. Dada halali usiku. Ni kweli?
Mdogo wa mgonjwa, Makorora, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu. Jirani abaki na brenda yake ya juisi. Hakuna kusaga.

Marehemu mama yangu alikuwa akichokoa pweza kwenye miamba ya Mwambani, mimi nyuma yake na ndoo. Pweza mkubwa hutoka kwenye tundu ambalo ngumi yako haiingii, maana hana mfupa. Ila ukimvuta kwa pupa, unabaki na mnyiri mmoja mkononi.

Tumbo la chakula nalo ni nyama laini. Daktari hupitisha mdomoni mrija wa kipimo, unene wake kama milimita 12, kisha hukata kandokando yake kwa stepla inayokata na kubana pini kwa mpigo mmoja. Kinachobaki kina umbo la ndizi. Kilichokatwa, robo tatu ya tumbo au zaidi kidogo, hulala humo ndani kikisubiri kutolewa. (Usichanganye na puto la kuwekwa tumboni ili mtu apungue, hilo huingizwa kwa mdomo na hakuna kinachokatwa.)

Huchaguliwa tundu kubwa kuliko mengine, la milimita 12 au 15, na likibana hupanuliwa kidogo kwa koleo. Hushikwa ile ncha nyembamba. Ukishika katikati, nyama inajikunja na kuwa fundo mlangoni. Halafu ni kuvuta polepole, huku ukizungusha.

Wengine hulitia kwanza kwenye kifuko cha plastiki, wengine hulivuta hivi hivi kwa kuwa kingo zake zimeshabanwa. Mimi ni wa kifuko. Zamani, kwenye upasuaji wa mfuko wa nyongo, nilimshuhudia daktari kijana akivuta mfuko huo kwa haraka bila kifuko. Ukapasuka, nyongo na vijiwe vikamwagika, na kidonda cha kitovuni kikatunga usaha. Tulimsafisha yule mama mgonjwa kila asubuhi, naye hakujua kosa ni la nani.

Dada yako aulize jambo ambalo wagonjwa wengi hulisahau: lile tundu la kutolea litashonwa hadi utando mgumu wa ndani, au ngozi tu? Tundu lililopanuliwa likishonwa juu juu, baadaye utumbo unaweza kuchomoza, ikawa ngiri. Na akirudi Makorora asijitwishe ndoo ya maji mpaka daktari amruhusu, hata akijiona mzima.

Akipata homa, mapigo ya moyo yakaenda mbio, au tumbo ama bega la kushoto likamuuma sana, huenda mshono wa ndani unavuja. Mpelekeni hospitali ya Bombo saa hiyo hiyo, mwaeleze alichofanyiwa. Msingoje kuche.