Simu kuyumba kwenye gati za kale za London
Dada, umeuliza kwa nini simu iliyokuongoza vyema msituni Karura katika mchezo wa kusaka vikopo kwa GPS ilikuzungusha bure West India Docks, London. Gati hizo, zilizofunguliwa mwaka 1802 kupokea sukari na ramu kutoka Karibi, leo zimezingirwa na maghorofa ya vioo ya Canary Wharf, na mawimbi ya setilaiti hugonga kuta hizo kabla ya kuifikia simu, nayo ikakosea mahali ulipo, kama nukta ya ramani inavyorukaruka hapa kwetu Kimathi Street, Nairobi. Ukikaribia mahali pa kikopo, itie simu mfukoni, upapase kwa vidole chini ya vizuizi vya chuma vya kando ya maji, kwa kuwa vikopo vya mjini mara nyingi hushikizwa kwa sumaku na havizidi kidole gumba. Beba kalamu, ndani huwa mna karatasi ya kuandika jina tu.